Majani ya stafeli, kokwa za pichi na saratani: majibu kwa wasomaji

Mama ana saratani ya titi. Jirani katuletea majani ya stafeli kutoka Kyela, anasema yanashinda dawa za hospitali. Tumchemshie? (Binti, Tukuyu)

Poleni sana, mwanangu. Msimchemshie. Ni kweli kwamba maabara zimeona kemikali za mstafeli zikiua seli za saratani ndani ya vichupa. Lakini kichupani hata chumvi ikizidi huua seli. Mwilini kuna ini linalovunja kemikali hizo, na kuna seli nzima ambazo nazo huumia. Hakuna utafiti kwa wagonjwa uliothibitisha kuwa stafeli huponya saratani. Tena huko Guadeloupe, visiwani Karibi, mwaka 1999, watafiti waliwakuta watu wenye ugonjwa wa kukakamaa unaofanana na Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka), wakauhusisha na ulaji wa stafeli na chai ya majani yake. Akilitamani tunda, ale kipande. Ninachohofia zaidi ni muda: mwezi wa kujaribu majani ni mwezi ambao uvimbe unakua. Mpelekeni kliniki, na daktari aambiwe kila alichokunywa.

Kwa hiyo mimea haina dawa ya saratani? (Mwalimu, Iringa)

Inayo, Mwalimu, na nzuri sana. Vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya damu, hutoka kwenye kile kijiua cha rangi ya waridi chenye petali tano tunachopanda uani. Paklitakseli, ya saratani ya titi, ilipatikana kwenye magome ya mti wa Marekani. Ilitangazwa mwaka 1971, ikaruhusiwa kutumika mwaka 1992. Miaka yote hiyo ilienda kwenye kuisafisha, kupima dozi na kujua inaumiza wapi. Huenda dripu atakayotundikiwa yule mama wa Tukuyu asili yake ni mti. Ila usitafune kijiua hicho, ni sumu.

Kokwa za pichi zina “vitamini B17” inayotibu saratani? (Njombe)

Hiyo si vitamini. Ni kemikali iitwayo amigdalini, na tumboni hutoa sumu ya sianidi. Marekani iliijaribu kwa wagonjwa wa saratani 178 bila mafanikio, na baadhi yao walionyesha dalili za sumu; matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Kula pichi, kokwa tupa.

Mume wangu anavuta sigara. Nimnunulie vidonge vya virutubisho vya matunda? (Mama, Mafinga)

Hapana, mama. Ufini walifuatilia wavutaji 29,133. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha waliomeza vidonge vya beta-karotini, kirutubisho kilichomo kwenye karoti na papai, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiomeza. Papai na karoti za sokoni ale bila wasiwasi. Pesa ya vidonge itumike kumsaidia kuacha sigara.

Baba anameza dawa za saratani na anapenda balungi. Kuna ubaya? (Mbeya mjini)

Alisimamishe mpaka amuulize daktari wake. Balungi huzuia kimeng’enya, yaani kemikali ya mwili, kinachovunja baadhi ya dawa, zikajaa kwenye damu kupita kiasi. Chungwa tamu halina tabia hiyo.