Kabla hujakata tiketi kwenda kusoma Kige'ez

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dodoma aliniandikia: "Dada, nimepata nafasi ya miezi mitatu London, nataka kusoma vitabu vya kale vya Ethiopia pale British Library. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili. Usiku usingizi ukagoma, maana mimi nilikwenda bila kuambiwa kitu na niliumia.

Safari yangu ya kwanza haikuwa ya London. Ilikuwa ya maktaba nyingine ya Ulaya, jina naliacha. Nilikuwa nimejifunza Kige'ez, lugha ya kale ya vitabu vya kanisa la Ethiopia, mwaka mzima peke yangu kwa kitabu cha sarufi, nikajiona nimeiva. Nauli ndugu walinichangia. Siku ya kwanza tu mhudumu akaniambia kitabu nilichokifuata hakitolewi tena, kurasa zimechoka, nitazame picha kwenye kompyuta. Picha zilezile ningeziona nikiwa sebuleni kwa mama, Nairobi! Barua pepe zangu za miezi miwili hakuna aliyezijibu. Basi nikapewa kitabu kingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kusoma.

Neno lililonishinda lilikuwa jua. Kamusi ya Kige'ez ya Dillmann, ya mwaka 1865, inaliandika ፀሐይ. Mwandishi wa kitabu kile aliandika ጸሐይ. Asubuhi nzima nilipekua kamusi kwenye herufi isiyo yake. Profesa aliyekaa meza ya pili akachungulia daftari langu, akacheka, akauliza ni nani aliyeniruhusu kuingia mle. Ni miaka sita sasa, na kicheko kile bado nakisikia.

Kumbe kanisani herufi hizo mbili zinatamkwa sawasawa. Vivyo hivyo ሰ na ሠ, vivyo hivyo ሀ, ሐ na ኀ. Mwandishi akiandika anafuata sikio lake, na herufi zinabadilishana nafasi ukurasa mzima. Aliyefundishwa kwa sauti hashtuki. Mimi niliyejifundisha kwa macho nilipotea.

Kwa hiyo la kwanza, mdogo wangu: jifunze kusoma kwa sauti. Niliporudi nilimtafuta shemasi wa Kiethiopia hapahapa Nairobi, akanianzisha kama watoto wanavyoanzishwa kwao: fideli, yaani herufi na irabu zake saba, kisha Waraka wa Kwanza wa Yohana, kisha Zaburi. Nikimuuliza maana ya neno ananiambia, "Soma kwanza." Kila Jumamosi ni soma kwanza, soma kwanza, mpaka koo likauke.

La pili, usisafiri kufuata kitu kilichokwisha kupigwa picha. Tangu mwaka 1973 vitabu vya makanisa na monasteri za Ethiopia vilipigwa picha kwenye filamu ndogo (microfilm), maelfu kwa maelfu, na nakala zikapelekwa Collegeville, Minnesota, Marekani. Huko marehemu Getatchew Haile, msomi wa Kiethiopia, alikaa miaka mingi akiviorodhesha kimoja kimoja. Vingi leo unavifungua kwenye tovuti ya vHMML kwa akaunti ya bure. Fanyia mazoezi hapo, na usome kwa sauti.

La tatu ni adabu. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana vijana wengi wanakwenda kule kuwinda shahada tu. Vitabu unavyovitaka havikufika London kwa zawadi. Aprili 1868 jeshi la Waingereza chini ya Napier liliivunja ngome ya Maqdala, Ethiopia, Mfalme Tewodros akajiua, na mali iliyoporwa ikabebwa na tembo 15 na baghala karibu 200. Vitabu kama 350 vikaishia British Museum, na leo ndivyo vilivyoko British Library. Kebra Nagast moja, yaani kitabu cha "Utukufu wa Wafalme", ilirudishwa mwaka 1872 kwa Mfalme Yohannes IV. Vingine vimebaki. Basi ingia mle kama unavyoingia nyumba yenye msiba. Nawa mikono, ikauke, chukua penseli peke yake, na usiguse kurasa zile za ngozi ya mbuzi kabla hujakumbuka kwamba kuna kanisa lililokuwa likizisomea.

Mwezi uliopita nilirudi Ulaya, safari hii London. Nilipewa Zaburi ndogo, maandishi meusi yenye mistari myekundu. Mwishoni mwa sala moja jina la mwenye kitabu limekwanguliwa kwa kisu. Ngozi imebaki na vinyweleo, rangi ya majivu, na juu yake mkono mwingine umeandika jina la mwanamume, Gabra fulani, "mtumishi wa" mtakatifu wake. Kwa macho niliupita mstari huo mara mbili. Mara ya tatu niliusoma kwa mnong'ono kama mwalimu alivyonizoesha, na sikio likanasa neno lililotangulia jina: ለአመትከ, "kwa mjakazi wako". Mjakazi! Aliyekwangua jina alilisahau neno lile. Zaburi ile ilikuwa ya mwanamke.

Niliinama mpaka jicho likawa sambamba na ukurasa, taa ikipiga kwa ubavu. Chini ya mkwaruzo zikajitokeza herufi tatu nyekundu, hafifu kabisa: ወለተ, "binti wa". Nilizinakili kwa penseli, nikampigia mwalimu kutoka barazani kwa maktaba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimsomee mstari wote tangu mwanzo.