Pipi za sikukuu: kwetu tumezipunguza na watoto wamefurahi

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Alikuwa anapunguza mwili tangu Rajabu, Idi ndogo ikamrudisha palepale, na mwanawe wa miaka mitano halali usiku kwa jino. Anauliza Idi ya Mfungo Tatu, ile kubwa ya kuchinja, afanyeje. Mwenzangu, nikueleze tulivyofanya sisi, maana mwaka huu tumeweza na furaha yangu siifichi.

Kwetu Unguja shida inaanzia kwenye mkono wa Idi. Kila nyumba anayoingia mtoto anapewa chochote, na ikifika alasiri yuko viwanja vya Kariakoo na pesa zake. Hapo ni pipi, bazoka, koni, ubuyu mwekundu. Anarudi magharibi ulimi umekolea rangi, vidole vinanata, na kanzu mpya ina madoa ya ubuyu kifuani.

Mimi nilizungumza na wangu mapema, kumi la mwisho la Ramadhani. Pesa ni zenu, nikawaambia, bembea pandeni mpaka mchoke, ila vitamu vinaliwa mara moja tu, baada ya chakula cha mchana, kisha maji. Sababu yake ni hii: bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa meno, na kila pipi inayoingia inaianzisha upya kazi hiyo. Pipi tano kwa mkupuo zina nafuu kuliko tano za kumumunya kutwa. Walinung'unika siku ya mosi, siku ya pili wakazoea.

Na sisi wakubwa? Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 kwa kawaida inapita hapo, hujagusa kaimati. Mimi daktari alishanionya kuhusu sukari ya damu, kwa hiyo nilikula kipande kimoja cha halua kwa kahawa chungu, basi. Visheti vilivyobaki niligawa kwa majirani jioni ileile. Kikikaa ndani kitaliwa, usijidanganye.

Maneno yalikuwepo. Mtu wa upande wa mume wangu alisema mbele ya wageni kwamba wanangu wanalelewa kama mayatima. Nilinyamaza, lakini mpaka leo limenikaa moyoni. Hao hao wanaotujazia watoto pipi kwa mapenzi, usiku wa jino siwaoni! Mama, simama imara. Mtoto ni wako, na maumivu yake utayauguza wewe. Mwambie baba yao azungumze na dada zake kabla ya sikukuu, anayetaka kutoa atoe daftari, mpira, hata hereni. Na wewe unayejipunguza, usione haya kusema "nimeshiba" kwenye sinia ya mtu.

Ila jino la mwanao usilisubirishe Mfungo Tatu. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii. Usiseme ni la utoto litang'oka lenyewe: likitunga usaha linaweza kuliharibu la ukubwani linaloota chini yake. Ya visheti tutayazungumza ukisharudi.