Nikimaliza PhD naweza fungua ofisi ya ushauri?

Swali: Habari daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm. Nina digrii ya biashara na cheti cha ushauri nasaha cha wiki sita nilichofanyia kanisani, na watu huniambia nina kipaji cha kusikiliza. Nimepata chuo cha mtandaoni kinatoa PhD ya saikolojia kwa miezi 18, ni tasnifu tu, hakuna masomo. Nikimaliza naweza fungua ofisi? Ama nianze na masta?

Jibu: Dadangu, anza na masta, na hiyo ya miezi 18 achana nayo leo kabla hujatuma hata shilingi. Ingia uangalie kama hicho chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, utajionea mwenyewe.

Ila kuna kitu ndani ya swali lako ambacho naulizwa kila wiki, kwa simu, kwa mlango wa ofisi, hata matangani, na kinaniuma. Watu wameamini hii kazi ni ngazi, unapanda cheti, diploma, digrii, masta, halafu PhD ndio iko juu kabisa, ukifika huko basi wewe ndio unatibu kuliko wote. Hapana. PhD ni shahada ya utafiti. Unafunzwa kuuliza swali vizuri, unaenda NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kuchukua leseni ya utafiti, unakusanya data, unaandika tasnifu na unaitetea mbele ya watu wanaokubana. Ni kazi ngumu na naiheshimu sana, lakini mtu anaweza kuimaliza yote bila kuketi hata siku moja na mzazi aliyezika mtoto.

Hata Marekani hili jambo liliwasumbua. Mwaka 1949 wataalamu wao walikutana mji wa Boulder wakakubaliana mwanasaikolojia wa kliniki awe mtafiti na mtibabu kwa pamoja, lakini baadaye wengi wakaona wanafunzi wanatoka wakijua hesabu kuliko watu, ndio 1968 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha PsyD, shahada ya udaktari ambayo uzito wake uko kwa kutibu. Hapa kwetu Kenya, chuo kikuu cha USIU pale Thika Road wana PsyD, na Chuo Kikuu cha Daystar wana PhD ya saikolojia ya kliniki. Uingereza udaktari wa saikolojia ya kliniki ni miaka mitatu na karibu nusu ya huo muda uko kliniki na wagonjwa. Na huko Marekani watu wengi wanaofanya tiba ya maongezi kila siku wana masta, si udaktari. Kwa hivyo ukipigia chuo simu usianze na ada, uliza nitaketi na wateja masaa mangapi na nani atanikagua. Wakikwambia hakuna, kata simu.

Wacha nikuonyeshe maana ya kukaguliwa. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye akili kabisa, aliniletea rekodi ambayo mteja alikuwa amekubali tuisikize. Mteja ni mama aliyefiwa, anasema, "Hiyo siku nilikuwa nimempikia chapati," halafu ananyamaza. Unasikia tu matatu ikipiga honi huko nje. Nilihesabu sekunde tisa. Kijana akashindwa kuvumilia, akaanza kumweleza huyo mama hatua tano za kuomboleza, hatua ambazo Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika 1969 alikuwa anaongea juu ya wagonjwa wanaokaribia kufa wenyewe, si waliofiwa. Mama akasema "sawa" na hakutaja chapati tena. Nikasimamisha rekodi nikamuuliza kijana, hapo nani alikuwa anaumia? Akainama kitambo, akasema ni mimi. Alikuwa amezika babake mwaka uliopita na hajawahi kulia. Ndio maana tunataka mwanafunzi naye aende akae kwa kile kiti cha mteja, tena kwa miezi, kabla hajaachiwa watu.

Kipaji chako sikidharau, kusikiliza ndio mwanzo wa haya yote. Lakini shosho yako anakusikiliza pia, na shosho hatajua kwamba huyu anayetabasamu mbele yake ameshapanga kujiua Ijumaa.

Sasa hawa madokta wa kununua, hapo ndio nachemka kabisa. Mtu analipia joho na kofia, anapigwa picha ukumbi wa hoteli, Jumatatu kadi yake imeandikwa Dr. na anatibu kiwewe kwa simu. Nimepokea mama aliyeambiwa na mmoja wao aache dawa za baipola ati zinamfunga kiroho, akaziacha, na ndani ya mwezi alikuwa amelazwa, watoto wako kwa majirani. Nimepokea msichana aliyebakwa ambaye alilazimishwa kusimulia kila kitu siku ya kwanza, kutoka mwanzo hadi mwisho, akaambiwa "umefunguka sasa enda nyumbani", akakaa usiku nne bila kulala. Hawa watu hawakukosa PhD, walikosa mtu wa kuwaambia simama hapo.

Na sheria iko. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ilianzisha Bodi, na mtu anayefanya hii kazi anatakiwa awe amesajiliwa, awe na Dr. mbele ya jina au asiwe nayo. Kwa hivyo nyinyi wengine mnaosoma hapa, si wa kusoma shahada, nyinyi wa kutafuta msaada, kabla hujalipa muulize huyo mtu nambari yake ya usajili, halafu muulize supavisa wake, yule anayemkagua kazi, ni nani. Mimi nywele zimeingia mvi na bado naketi na wangu kila wiki ya pili, namwambia pale nilipokosea. Mwenye amefunzwa atakujibu bila shida. Akianza kufoka ati unajua unaongea na nani, beba mkoba wako utoke, hata kama umeshalipa.