Waipa kurukaruka baada ya kupaka dawa ya kufukuza maji

Ndugu, waipa zikiruka na kuacha ukungu baada ya kupaka dawa kama Rain-X, mara nyingi kioo hakikuwa safi au dawa ilibaki nyingi bila kufutwa. Mpira unapita sehemu inayoteleza, halafu inayokamata, ndipo unaruka.

Anza upya. Osha kioo kwa maji na sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti isiyo na mafuta. Pitisha kiganja juu ya kioo: ukihisi kinakwaruza, bado kuna uchafu ulioganda, na hapo dawa haitashika. Egesha kivulini, maana kioo kikiwa cha moto dawa hukauka kabla hujaisambaza. Tia kidogo kwenye kitambaa kikavu, sugua kwa miduara inayopandana, nusu ya kioo kwa wakati mmoja. Ikikauka na kuwa na ukungu mweupe, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Rudia mkono wa pili wa dawa. Huo ndio unaoziba sehemu ulizoruka.

Mipira ya waipa nayo ifute kwa spiriti hadi kitambaa kisitoke cheusi. Ikiwa imepasuka au imekakamaa, badilisha tu, dawa haitaiokoa.

Usipake kwenye plastiki ya taa wala upande wa ndani wa kioo. Na mwendo ukiwa mdogo matone hayapeperuki, hukaa pale pale, hasa usiku taa za wenzako zinapoyapiga. Kwa hiyo waipa bado unazihitaji.