Maswali ya Wasomaji: Mto Unaumwa Huku Chini, Dawa Iko Kule Juu

Safari hii maswali ya mito yamejaa, mengi yametoka kwa watu walio kwenye vikundi na jumuiya za kutunza vyanzo vya maji, nimechukua matano tu maana mengine yanafanana, kwa hiyo kama lako hulioni soma hivyo hivyo, jibu lake limo humu.

SWALI: Mhariri salaam. Kikundi chetu kila msimu wa mvua tunapanda miti ukingoni mwa mto, mingine imeshakuwa mikubwa ina kivuli kabisa. Lakini mvua ikinyesha mto unakuja mwekundu vile vile, na kiangazi unabaki madimbwi. Tunakosea wapi? – Mpanda Miti Aliyechoka

JIBU: Pole ndugu yangu, na wala hamjakosea kupanda. Miti ya ukingoni inashika kingo zisimeguke, inatia kivuli maji yasipate moto sana, majani yakidondoka wadudu wa mtoni wanakula. Ila hiyo ni kazi ya ukingo, na mto wenu ugonjwa wake hauko ukingoni. Lile tope limetoka mbali huko mteremkoni, likaingia kwenye kijito, kijito kikaingia mtoni, nyie mnaliona likipita tu.

Sasa fanyeni hivi. Ikija mvua kubwa, ikishapungua kidogo (sio katikati ya radi jamani, na mtoni kwenyewe msiingie) vaeni mabuti mfuate maji yenye rangi kwa kurudi nyuma. Kila mnapokuta vijito viwili vinakutana angalieni kipi ni chekundu kipi ni cheupe, mfuate chekundu. Mnaweza mkaenda na hasira zenu zote kwa mkulima fulani mkakuta kumbe mchawi ni barabara ya vumbi, mtaro wake umechimbwa ukanyooshwa moja kwa moja mpaka kijitoni, yaani kila gari linalopita linasaga udongo, mvua inasomba. Au ni njia ya ng'ombe wanaposhuka kunywa, imekanyagwa miaka na miaka mpaka imekuwa korongo. Kule Kenya, kwenye bonde la Tana ya juu linaloipa Nairobi karibu maji yake yote, wataalamu walipotafuta tope linakotoka barabara za vumbi zilikuwa kwenye orodha pamoja na mashamba ya mteremko. Mtaro kama huo unatibika, unaugeuza maji yatawanyike kwenye majani au yaingie shimo la kutuliza tope kabla hayajafika mtoni. Kazi ya wiki chache, na inaweza kuokoa udongo mwingi kuliko miche yenu yote.

Na hayo madimbwi ya kiangazi ni ugonjwa ule ule. Maji ya mto wakati wa kiangazi ni mvua iliyozama ardhini miezi ya nyuma halafu ikawa inatoka polepole kwenye chemchemi. Udongo uliokanyagwa na mifugo au shamba lililolimwa kwa kufuata mteremko halinywi maji, mvua inapita juu juu inakwenda zake, leo mafuriko, baadaye hamna kitu. Ndio maana watu wanahangaika na makinga maji (matuta na mitaro inayokata mteremko ili maji yazame), fanya juu (mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu), na mikanda ya majani ya tembo kwenye kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kukata mteremko.

Kuna jambo moja tu ambalo makinga maji hayaliwezi, nalo ni mtu wa juu kuuchepusha mto. Ruaha Mkuu wa Tanzania tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga huko Usangu, juu ya hifadhi. Hapo hata mkipanda msitu mzima, bila kukaa meza moja na hao wenye mifereji mkakubaliana zamu hamtaona maji.

SWALI: Sisi tayari tunajua shida iko juu. Tunawaita mikutanoni hawaji. Mmoja alituambia wazi, "tope ni lenu, kwetu maji ni masafi." Tuwashtaki? – Mwenyekiti

JIBU: Mwenyekiti, huyo bwana hajakutukana, kakueleza hali ilivyo. Kuchimba makinga maji ni jasho, yanakula sehemu ya shamba lake, halafu faida anapata mtu asiyemjua huko bondeni. Wewe ungechimba? Mi nisingechimba.

Kwa hiyo kabla ya mashtaka ulizeni, yeye anapata nini. New York walikutana na swali hili hili. Jiji linachota maji yake mengi kutoka milima ya Catskill na bonde la Delaware, ikafika miaka ya tisini likatakiwa kujenga mtambo wa kuchuja ambao ungekula mabilioni ya dola. Mwanzoni walitaka kuwabana wafugaji wa kule juu kwa sheria, wakakuta ukuta. Ikabidi wakae chini, wakulima wakaunda baraza lao wenyewe, jiji likakubali kulipia kazi mashambani, uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie kijitoni, mahali pa kuhifadhia samadi, vitu kama hivyo, na mkataba mkubwa wa pande zote ukasainiwa 1997. Maji ya milima hiyo mpaka leo yanafika mjini bila kupita kwenye mtambo wa kuchuja.

Utaniambia hao wana hela. Haya, njoo ziwa Naivasha, Kenya, jumuiya ya watumia maji wa ziwani, wakiwemo wenye mashamba ya maua, walianza kuwapa wakulima wadogo wa milimani vocha za kununulia pembejeo, mkulima akionesha mikanda ya majani na makinga aliyoweka. Vocha yenyewe haikuwa kubwa, ila majani yale yale yanayozuia udongo ng'ombe wake anakula, na udongo wake mzuri unabaki shambani kwake. Na huko Tana ya juu, mfuko wa fedha za kutunza vyanzo vya maji uliozinduliwa 2015 umewasaidia wakulima kuchimba mabwawa madogo ya nyumbani ya kuvuna mvua, yanatandikwa turubai la plastiki, mkulima kiangazi anamwagilia mboga zake bila kuvuta mtoni. Hesabu waliyopiga kabla ya kuanza ilisema ukiweka dola milioni 10 unarudisha milioni 21.5 ndani ya miaka 30, kwa sababu tope likipungua mabwawa ya maji na ya umeme hayajai haraka na kusafisha maji kunashuka bei.

Nyie labda hamna dola hata moja. Basi tafuteni nani huku chini anaumia mfukoni kwa ajili ya hilo tope, mamlaka ya maji, kiwanda, wenye skimu ya umwagiliaji, muwapeleke kule juu waone wenyewe. Na mkutano ujao ufanyieni kule kwao, sio kwenu. Mnamwita mtu ashuke mteremko mzima aje kusomewa makosa yake mbele ya watu, kweli aje?

SWALI: Jirani kapanda mikaratusi kuzunguka chemchemi. Tukimwambia anasema si mmesema tupande miti? – Dada wa Kamati ya Maji

JIBU: Dada, mikaratusi inakua haraka na inakunywa sana, haitakiwi chemchemini. Afrika Kusini walianzisha mpango wa taifa mwaka 1995 wa kukata miti ya kigeni iliyovamia vyanzo vya maji, mikaratusi ikiwemo. Pia angalieni sheria ya kwenu, Tanzania kwa mfano sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mto na vyanzo vya maji. Ila msimwendee na panga. Miti hiyo ni akiba yake, mkubaliane aivune ikikomaa na visiki visichipue tena, na nyie mumpe miche ya kienyeji ya kuweka pale, na kama anataka nguzo za kuuza aoteshe mikaratusi yake mbali na maji.

SWALI: Mradi ulikuja, ukaunda jumuiya, ukajenga ofisi, ukaondoka. Sasa hivi hata mkutano akidi haitimii. – Katibu

JIBU: Watu walikuwa wanakuja kwenye posho, Katibu, tuseme ukweli. Punguzeni. Acheni mpango wa kurasa mia, chagueni kijito kimoja kidogo chenye shida inayoonekana kwa macho, mkimalize, halafu kila anayevuta maji achangie kidogo. Kenya na Tanzania sheria zinazitambua jumuiya za watumia maji, hivyo usajili mlioupata mradi haukuondoka nao, ndio utawasaidia kusikika pale vibali vya kuvuta maji vinapogawiwa. Kwenye vibali ndiko mto unapoamuliwa, huko msikose.

SWALI: Tutajuaje mto unapona wakati maabara hatuna? Na itachukua muda gani? – Mwalimu wa Sayansi

JIBU: Mwalimu una wanafunzi, umeshapata maabara. Tafuta neli ya plastiki inayopitisha mwanga, ya kama mita moja, ziba chini, weka alama nyeusi na nyeupe kwenye kitako, bandika rula ubavuni. Mwanafunzi anamimina maji ya mto taratibu huku akichungulia kwa juu, alama ikipotea machoni anasoma sentimita. Mkifanya pale pale kila wiki, na hasa baada ya mvua, mtapata mstari ambao hata injinia wa maji hawezi kuubishia. Msipime siku za jua tu, siku hizo kila mto ni msafi.

Alafu geuzeni mawe sehemu ya maji madogo. Mkiona vidudu bapa vimeng'ang'ania jiwe, vina mikia miwili au mitatu myembamba, maji yana hewa ya kutosha. Mkikuta ruba na viminyoo vyekundu tu, kuna uchafu unaingia juu yenu. Afrika Kusini wametengeneza njia rahisi ya kutoa alama kwa vidudu hivi, inaitwa miniSASS, na watoto wa shule wanaifanya.

Muda unategemea ugonjwa. Tope la mtaro wa barabara linaweza kupungua mvua ya kwanza baada ya kuurekebisha. Chemchemi iliyodhoofika hesabu miaka. Mbolea iliyozama kwenye maji ya ardhini inaweza kuendelea kuvuja hata miongo baada ya mkulima kupunguza. Kwa hiyo kwenye ile risala yenu kwa mgeni rasmi ahidini neli, samaki msiwaahidi kwanza.