Mgonjwa anayekoroma: kwa mnaoanza kazi ya kutoa dawa ya usingizi

Ukianza kazi hii utafundishwa kuziogopa dakika za kuweka mpira kooni. Ziogope, ni haki yake. Lakini kwa mtu mzima ambaye njia yake ya hewa huziba akilala, mimi huuogopa zaidi usiku wa wodini, wewe ukiwa umeshakwenda nyumbani. Maandalizi yako yote ya mchana yaulenge usiku huo.

Anza na maswali. Wengi wenye tatizo hili hufika kwenye upasuaji bila kuwahi kupimwa. Ukimuuliza mgonjwa kama pumzi humkatika usingizini atasema hapana, na hakudanganyi, alikuwa amelala. Muulize anayelala naye chumba kimoja. Anakoroma mpaka anasikika nyuma ya mlango? Kuna wakati mkoromo unakatika, kimya kinatanda, kisha anashtuka akihema kama aliyeibuka kutoka majini? Mke au mume atakueleza hayo bila kusita, na mara nyingi atakuambia pia kwamba huwa anamtikisa.

Hapo ongeza maswali ya STOP-Bang, ya kukadiria hatari ya tatizo hili. Yako manane: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana akikatika pumzi, presha, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) inayozidi 35, umri unaozidi miaka 50, shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40, na kuwa mwanamume. Ndiyo 3 au 4 ni hatari ya kati. 5 na kuendelea, hatari kubwa. Tembea na futi kamba mfukoni, shingo usiikadirie kwa macho. Alama kubwa peke yake si sababu ya kuahirisha upasuaji. Kinachonisimamisha ni mgonjwa mnene ambaye oksijeni yake iko chini hata akiwa macho, au bikaboneti ya damu imefika 28 mmol/L. Huyo huenda anabakiza kabonidioksaidi mchana kutwa, na anastahili kuchunguzwa kwanza kama upasuaji wenyewe unaweza kusubiri.

Mwenye mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa ili koo lisizibe akilala, aje nayo, pamoja na kinyago chake mwenyewe alichokizoea. Lisemeni hili siku ya kliniki, maana siku ya upasuaji mashine itakuwa imebaki nyumbani.

Chumba cha upasuaji sitakikalia sana. Ganzi ya uti wa mgongo au ya neva ikitosha, itumie, ila usiiharibu kwa kumjaza midazolamu, dawa ya kusinzisha. Ikibidi nusukaputi, mwinue mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na sehemu ya juu ya mfupa wa kifua, kisha mpe oksijeni ya kutosha kabla hujampa dawa ya kumlaza usingizi. Mwishoni hakikisha dawa ya kulegeza misuli imeisha kwa kipimo, uwiano wa mipigo minne (neva hushtuliwa mara nne kwa umeme, mjibizo wa nne ukilinganishwa na wa kwanza) ufike 0.9, kuinua kichwa peke yake hakutoshi. Mpira utolewe akiwa macho kabisa, ameegemezwa.

Sasa wodini. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol, dawa za jamii ya diclofenac kama figo na tumbo vinaruhusu, na ganzi kwenye kidonda. Mofini ije baadaye, kwa dozi ndogo, na isiandamane na dawa ya kusinzisha kama diazepamu. Asilale chali. Mwegemeze au mlaze ubavu.

Na hapa naomba mnisikilize. Oksijeni ya puani inaweza kuiweka namba ya oksijeni, ile oksimita inayosoma kidoleni, kwenye 97 huku mtu anapumua kidogo sana na kabonidioksaidi inapanda. Kengele haitalia. Simama kando ya kitanda umwangalie: kifua kinajivuta, tumbo linapanda, shimo la juu ya mfupa wa kifua linabonyea ndani, lakini ukiweka kiganja mbele ya pua hakuna hewa. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Jaribu kumwamsha. Anayelala tena katikati ya sentensi hajapona dawa zako, na asiondoke chumba cha kuamkia.

Mwambie muuguzi wa zamu haya kwa mdomo, kisha uyaandike. Mwambie pia kwamba hatari haiishi usiku wa kwanza. Usingizi mzito wa ndoto hupungua baada ya upasuaji kisha hurudi kwa nguvu, na pumzi huweza kukatika zaidi usiku wa tatu, wakati kila mtu ameshamwona mgonjwa amepona na oksimita imehamishiwa kitanda kingine. Mashine ya CPAP ivaliwe kila anapolala, hata ule usingizi wa mchana.

Naloksoni, dawa inayoizima mofini, iwe karibu. Ikitumika, msimwache: nguvu yake hukatika ndani ya dakika 30 hadi 90, na mofini bado imo mwilini. Kaeni naye, mhesabu pumzi upya, na mumpigie simu mtu wa usingizi hata kama mgonjwa ameamka na anaongea vizuri.