Mnauliza, Tunajibu: Macho ya Manga

Kwa nini Wajapani, katika manga (hadithi zao za picha), huchora watu wenye macho ya gololi? Rafiki yangu anashikilia kwamba wanatamani Uzungu. (Msomaji, Mwanza)

Rafiki yako kakosea. Msomaji wa Kijapani akimwona msichana ambaye macho yamemmeza theluthi ya uso, humwona Mjapani mwenzake. Mchoraji akitaka tujue kwamba huyu ni Mzungu, mara nyingi humrefusha pua na kumchongoa kidevu.

Macho makubwa yalikuwapo kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwenye michoro ya Junichi Nakahara katika majarida ya wasichana. Aliyeyatia nguvu baadaye ni mchoraji wa manga Osamu Tezuka (1928–1989). Alikulia Takarazuka, mji wenye kundi la maigizo la wanawake pekee, waigizaji wanaojipamba macho kwa wanja mzito ili hata aliyekaa safu ya mwisho ayaone. Kwa hayo aliongeza aliyoyapenda katika katuni za Disney na za ndugu wa Fleischer, wote wa Marekani.

Kisha ikaja televisheni. Tarehe 1 Januari 1963 katuni yake ya Tetsuwan Atomu (Astro Boy) ilianza kurushwa, nusu saa kila wiki. Kuchora mwili mzima ukitembea kila sekunde kulikuwa gharama isiyobebeka, basi mwili ukatulizwa, macho na mdomo vikafanya kazi. Jicho dogo lisingeweza kubeba mzigo huo.

Ninamchora mwanamke mjanja, mkali wa maneno, lakini kila anayemtazama anauliza kama ana usingizi. Nimemwongeza kope, nimembadilisha rangi ya macho, wapi! (Msomaji, Mombasa)

Kope na rangi ziache kwanza. Tabia ya mtu inakaa kwenye mstari wa ukope wa juu, yaani ngozi inayofumba jicho, na wako bila shaka umelala bapa.

Chora kichwa cha sentimita 12 kutoka utosini hadi kidevuni. Katikati, kwenye sentimita 6, piga mstari mwepesi. Ukope wa juu ugusane nao, jicho lishuke chini yake. Kati ya jicho na jicho acha nafasi ya jicho moja. Sasa weka nukta mbili tu: pembe ya ndani, upande wa pua, na pembe ya nje. Kwa jicho la upana wa sentimita 2.5, ipandishe pembe ya nje milimita 3 juu ya ile ya ndani, na kilele cha upinde kiwe karibu na pembe ya nje. Hilo ndilo Wajapani huliita *tsurime*, jicho la paka, la mtu mwenye kiburi au hasira za karibu. Ishushe pembe hiyohiyo milimita 3 chini, kilele ukirudishe upande wa pua, unapata *tareme*: macho ya kurembua, ya mpole au mlegevu. Milimita sita tu, na mtu kageuka mwingine.

Kisha angalia ukope unafunika kiasi gani cha mduara wa rangi. Ukifunika robo, mtu yuko macho na ametulia. Ukifunika nusu kwa mstari ulionyooka, hiyo ni *jitome*, jicho la anayekudharau kimyakimya, na ndipo tunapodhani ulipoteleza: nusu hiyo bila nyusi zilizobana husomeka kama usingizi. Shusha nyusi karibu na ukope, ncha za ndani zielekee puani. Mduara ukionekana mzima, weupe pande zote, huo ni mshtuko. Weupe ukibaki kushoto, kulia na chini tu, wanaita *sanpaku*, weupe wa pande tatu. Hao ni wahuni na watu waliochanganyikiwa.

Kama ujanja wake ni wa kuficha, jaribu *itome*, macho ya uzi: mstari mmoja kila upande, mduara hauonekani kabisa. Msomaji aliyezoea manga humshuku mtu wa namna hiyo tangu picha ya kwanza, na siku akifumbua macho anajua mambo yameharibika. Usimfumbue kila ukurasa. Ukifanya hivyo mara tatu, hakuna tena wa kushtuka.

Ukimaliza, geuza karatasi uitazame kwa nyuma dhidi ya mwanga wa dirisha. Jicho lililopanda kuliko mwenzake litajisema lenyewe.

Kwenye karatasi macho yanang'aa, yakichapwa yanakufa. (Msomaji, Dodoma)

Kipimo kinakuhadaa. Wanaochorea majarida ya Japani hutumia karatasi ya B4, fremu ya ndani milimita 270 kwa 180, na jarida huipunguza hadi karibu asilimia 83. Kitabu kikitoka, inapungua tena. Mng'ao, lile doa jeupe la mwanga ndani ya jicho, ukiwa wa milimita moja humezwa na wino, na kope tano zilizosongamana hugeuka doa. Kwa jicho la sentimita 2.5, mng'ao mkuu usipungue milimita 3, na uiache karatasi yenyewe iwe nyeupe badala ya kupaka rangi nyeupe juu ya wino mbichi, maana hapo hupata kijivu. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Vinukta vya kivuli usivipunguze mwenyewe kwenye kompyuta baada ya kuvibandika. Vikipunguzwa hivyo hutoa michirizi kama mawimbi.

Tena mng'ao wa macho yote mawili ukae upande mmoja, kule taa iliko. Wengi huugeuza kama kwenye kioo, na mtu anaonekana ana makengeza.

Kama kweli unataka jicho lililokufa, la mtu aliyekata tamaa, ondoa mng'ao wote na ukope uuache ulivyo. Lakini lazima tuwe tumeuona mng'ao huo ukimetameta kurasa za nyuma, la sivyo hatutajua kilichopotea.

Nyusi na kope zinaonekana juu ya nywele za mbele. Ni kosa? (Msomaji, Kampala)

Si kosa, ni desturi. Nywele zikifunika nyusi, hasira haionekani. Pitisha mstari wa nyusi juu ya nywele, ila uwe mwembamba kuliko mstari wa nywele wenyewe.

Nimeanza kutengeneza anime (katuni ya video ya Kijapani) fupi kwa simu. Mtu wangu akipepesa macho, uso mzima unaruka. (Msomaji, Bujumbura)

Unachora uso upya kila mara. Weka uso kwenye tabaka la chini usiguswe, macho juu yake. Studio za Japani huita kazi hii *mepachi*, na kwa kawaida huhitaji michoro mitatu: wazi, nusu, fumbo. Ukope wa juu ndio unaoshuka. Wa chini hausogei, au unapanda kidogo mno. Kosa la kawaida ni kuchora mstari wa fumbo katikati ya jicho. Uweke pale ulipokuwa ukope wa chini, ukipinda kuelekea chini. Ukipinda juu, mtu anacheka. Ule mchoro wa nusu nao usiwe nusu kamili: usogeze karibu na fumbo.

Kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde, anza na nusu fremu 2, fumbo fremu 2, nusu fremu 2, kisha wazi. Fumbo likifika fremu 8, mtu wako kasinzia.